Kompyuta inaganda katikati ya kazi na joto haliko juu, shida ni nini?

Fundi, habari za Kampala. Mimi ni kijana wa Tororo, kazi yangu ni kupiga na kuediti vidio za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi), na barua hii naiandika na simu maana kompyuta yenyewe ndiyo inanitesa.

Ni kompyuta ya mezani, used, prosesa ni Core i7-4790K, mazabodi ya Z97, RAM ni GB 16 kwa vipande vinne vya GB 4, viwili nilivikuta ndani na viwili niliongeza baadaye vya kampuni nyingine. Grafiki ni GTX 1050 Ti. Pawa saplai imeandikwa wati 500, ni ya zamani, ilitolewa kwenye mashini nyingine. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu ila kurenda, yani kutoa vidio ya mwisho baada ya kuediti, ndiyo ilikuwa inachukua muda, vidio ya harusi moja inaweza kula saa mbili, sasa kuna rafiki yangu wa mambo ya gemu akaniambia hiyo prosesa ina herufi K mwishoni kwa hiyo unaweza kuiovakloki, yani kuipandisha spidi kuliko ya kiwandani, akaingia BIOS, ile menyu ya setingi kabla Windows haijawaka, akaweka 4.7 GHz kwa kore zote, volteji akaandika 1.25, akawasha na XMP, ile setingi ya kupandisha spidi ya RAM, ikasoma 2133, akasema tayari. Na kweli mwanzoni niliona tofauti nikafurahi.

Halafu ikaanza kuganda. Picha inabaki pale pale kwenye skrini, mausi haisogei, kama kuna muziki sauti inakwama inatoa mlio mmoja mrefu, haitoi ujumbe wowote, mpaka nibonye batani ya pawa nishikilie izime. Kinachonichanganya zaidi ni hiki, kuna siku inarenda harusi nzima bila shida, halafu naiacha haina kazi yoyote naenda kula, nikirudi nakuta imeganda, yani ikiwa imepumzika!

Watu wote wananiambia ni joto. Nimenunua feni kubwa ya prosesa nikaongeza na feni za kesi, joto nikicheki kwenye programu ni kama 70 wakati wa kurenda, bado inaganda. Fundi mmoja wa hapa akasema ni Windows, akaiinstoli upya, bado. Mwingine anasema prosesa imekufa ninunue nyingine. Umeme wa huku pia jioni unashuka mpaka taa zinafifia, sijui kama unahusika. Nina harusi za watu zimelala humo ndani, familia zinapiga simu, na sitaki kurudi kwenye spidi ya zamani kwa sababu kazi ni nyingi. Nisaidie tafadhali.

Mhariri wa vidio, Tororo

---

Bambi mdogo wangu, pole sana, najua simu ya mama wa bibi harusi ikilia inavyosikika.

Kitu cha kwanza, leo hii, ingia BIOS utafute ile sehemu ya Load Optimized Defaults, uirudishe mashini kwenye setingi za kiwandani, XMP nayo uhakikishe imezimika. Halafu ndiyo uchukue diski ya nje ukopi vidio zote ghafi za wateja. Fuata mpangilio huo huo, usikopi wakati mashini bado iko 4.7 na RAM iko 2133, kwa sababu RAM ambayo haijatulia inaweza kubadilisha data kimya kimya wakati wa kukopi na usione kosa lolote mpaka siku unafungua faili unakuta mistari ya kijani kwenye sura ya bwana harusi. Kadi za kamera kama bado hujazifuta usizifute. Kompyuta inatengenezwa, ila kwanjula ya watu hairudiwi.

Nakusikia unaposema hutaki kurudi spidi ya zamani. Tutafika huko, na nitakuonyesha spidi ya kweli iko wapi, lakini kwanza tujue nini kinaganda.

Prosesa sidhani imekufa. Usimlipe mtu pesa ya prosesa mpya kabla hujamaliza mambo ninayokuandikia hapa, maana prosesa ndiyo kitu kinachokufa mara chache kuliko karibu vyote vilivyomo kwenye hiyo kesi.

Na joto pia silo, kwa namba ulizonipa. Hiyo 4790K ya mwaka 2014 ina kikomo cha nyuzi 100. Ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe ili ipoe, unaona kurenda kunakuwa kwa polepole, na joto likizidi sana mashini inazima kabisa, pu, skrini inakuwa nyeusi. Hiyo ndiyo tabia ya joto. Mashini inayoganda na picha ikabaki kwenye skrini huku joto ni 70 inakuambia kitu kingine. Feni ulizonunua hazijapotea, Tororo kuna vumbi la saruji na la malori ya njia ya Malaba, zitakusaidia, lakini prosesa kuwa ya baridi haina maana kwamba imetulia, haya ni mambo mawili tofauti na ndipo watu wengi wanapopotea wanaendelea kununua feni.

Kutulia ni hivi. 4.7 GHz maana yake ni mapigo bilioni 4.7 kwa sekunde moja, na ndani ya kila pigo zile transista lazima ziwe zimeshageuka na jibu limeshafika linapokwenda kabla ya pigo linalofuata. Volteji ndiyo inazipa nguvu ya kugeuka haraka. Ukiongeza mapigo bila volteji ya kutosha, kuna njia moja ndani ya prosesa itachelewa kidogo, jibu linakuwa si sahihi, na kama hilo jibu lilikuwa la muhimu basi kore inasimama inangoja kitu ambacho hakitakuja. Hapo ndipo picha inabaki na sauti inakwama. Sasa hiyo 1.25 aliyoandika rafiki yako inawezekana yeye aliiona kwa mtu mwingine ikafanya kazi, lakini prosesa hata za namba moja hazifanani, kuna 4790K inakubali 4.7 kwa 1.25 na kuna nyingine itadai 1.30 au isikubali kabisa. Namba ya mtu mwingine haikuhusu ssebo, namba yako unaitafuta mwenyewe kwa kupima.

Tukirudi kwa kile kinachokuchanganya, kuganda ikiwa imepumzika. Hapo ndipo barua yako ilinifanya nikae vizuri kwenye kiti, maana hiyo ndiyo dalili yenye maana kuliko zote ulizoandika. Prosesa ikikosa kazi haikai tu, inajilaza, inazima sehemu zake ili isile umeme, na kwenye kizazi hicho cha Haswell ule usingizi mzito unaoitwa C6 na C7 ulikuja kuwa mzito zaidi. Ukiwa kwenye huo usingizi prosesa inavuta umeme kidogo mno kwenye waya wa volti 12, kiasi cha ampea 0.05 tu, na pawa saplai nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuundwa kuhimili mzigo mdogo hivyo, zilizoea angalau ampea 0.5, kwa hiyo volteji inayumba na mashini inazima au inashindwa kuamka. Mwaka 2013 Haswell zilipotoka kampuni za pawa saplai zilianza kuandika kwenye boksi kwamba bidhaa yao inakubaliana nazo, sababu ni hiyo. Yako umesema ni ya zamani na imetolewa kwenye mashini nyingine. Unaona?

Dawa ya kujaribu hapo haina gharama, kwenye BIOS tafuta C-states, C6 na C7 uzizime, nyingine ziache. Lakini usifanye bado! Subiri zamu yake, nitakuambia kwa nini.

Shida kubwa ya mashini yako naiona kwenye sentensi moja ya barua, rafiki yako aligusa kloki, volteji na RAM kwa mkao mmoja. Sasa hivi una washukiwa watatu, wanne ukiweka pawa saplai, na kila mmoja anaweza kuleta kuganda kule kule, kwa hiyo ukigusa tena vitu vitatu kwa pamoja hutajua kamwe ni kipi. Kitu kimoja, unapima, unaandika kwenye karatasi, halafu kingine. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini hakuna njia ya mkato ninayoijua mimi inayofanya kazi.

Ukiwa kwenye setingi za kiwandani, fanya kazi zako za kawaida, renda, na pia iache imepumzika kama ulivyokuwa unaiacha. Kama ilikuwa inaganda kila baada ya siku kadhaa basi usishangilie baada ya siku moja, ipe muda mara mbili au tatu ya ule iliokuwa inachukua.

Ikiganda tena hapo, kabla hujagusa batani ya pawa, bonya Caps Lock kwenye kibodi uangalie taa yake ndogo. Kama taa inawaka na kuzima ukibonya, basi mashini bado iko hai ndani, kilichokwama ni programu, au grafiki, au diski. Kama taa haibadiliki kabisa, mashini imekufa pale pale, hiyo ni RAM, prosesa, mazabodi au umeme. Na kama mausi inasogea ila kila kitu ukifungua kinakwama huku taa ya diski kwenye kesi imewaka haizimi, hiyo ni diski, pakua CrystalDiskInfo uangalie kama inaandika rangi ya njano au nyekundu, na hapo ukimbie kuhamisha faili. Kwa ulivyoelezea sidhani kama ni diski, ila kupima kwake ni dakika moja.

Angalia pia Event Viewer ya Windows, ndiyo daftari lake la matukio na makosa. Utakuta Kernel-Power 41 nyingi, hizo usizihangaikie, zinasema tu kwamba mashini ilizimwa bila utaratibu, jambo ambalo wewe mwenyewe unalijua maana ndiye uliyebonya batani. Tafuta zilizoandikwa WHEA-Logger. Namba 19 ni kosa ambalo prosesa ililikamata ikalirekebisha, namba 18 ni kosa lililoiangusha. Ukizikuta, na hasa kama zilianza siku rafiki yako alipokuja, prosesa inalia njaa ya volteji. Usipozikuta haina maana kwamba prosesa ni safi, kuganda kwa ghafla mara nyingi hakuachi muda wa kuandika chochote.

Sasa kuna njia mbili. Kama kwenye setingi za kiwandani bado inaganda, achana na habari za ovakloki kabisa, shida ni ya kifaa. Anza na RAM. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi, iache usiku kucha. Jibu linalokubalika ni makosa sufuri, hata kosa moja ni baya. Ikitoa makosa, toa vile vipande viwili ulivyoongeza, pima vya zamani peke yake, kisha vipya peke yake. Hapo zima kabisa, chomoa waya ukutani, shika chuma cha kesi kwanza ndiyo uguse RAM, na kabla ya kurudisha futa zile meno za dhahabu kwa kitambaa laini chenye spiriti na upulize vumbi kwenye tundu zake, mimi nimefungua mashini kutoka huko kwenu nikakuta ungaunga wa kijivu umeganda ndani ya tundu za RAM na kwa macho ya haraka huoni kitu.

RAM ikiwa safi nenda kwa pawa saplai. Zile volti zinazoonyeshwa na programu usiziamini sana, tumia mita. Mashini ikiwa inarenda, pima waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya pini nne ambayo haijachomekwa, inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo wakati wa kazi, umepata mwizi. Kama hujazoea mita mpe fundi wa redio akupimie. Na pawa saplai yenyewe usiifungue hata kama imechomolewa, ndani kuna kapasita zinatunza umeme wa kukuua. Ukiweza kuazima pawa saplai nzuri kwa mtu ukaijaribu kwa siku kadhaa, hicho ndicho kipimo bora kuliko vyote. Hapa pia ndipo unapojaribu kuzima C6 na C7, kama kuganda kwa mapumziko kunaisha basi saplai imejisema yenyewe.

Umeme wa ukutani, ndiyo, unahusika lakini si kama unavyodhani. Unatakiwa uwe 240, ukidondoka ghafla mashini kawaida inarestati au inazima, haigandi na picha. Lakini saplai iliyochoka ikipewa umeme wa kufifia jioni inachoka zaidi. Kwa hiyo kwenye karatasi yako andika na saa, ukiona kuganda kunakuja jioni tu wakati taa zinafifia nijulishe.

Njia ya pili, ambayo naona ndiyo itakuwa yako, ni kwamba kwenye setingi za kiwandani inatulia kabisa. Basi jua ni ovakloki. RAM iache kwenye 1600, kabisa, usirudi 2133. Prosesa hiyo kwa mujibu wa Intel inaunga mkono DDR3 mpaka 1600, zaidi ya hapo ni kubahatisha, na wewe una vipande vinne vya kampuni mbili, XMP inasoma namba za kipande kimoja na kuwalazimisha wengine. Kwenye kurenda tofauti ya 1600 na 2133 ni ndogo.

Kloki sasa. Nikuombe ufanye hesabu na mimi. Hiyo prosesa bila kuguswa inapanda yenyewe mpaka 4.4 ikifanya kazi kwa kore moja, na mazabodi nyingi za Z97 unaweza kuziambia zishike 4.4 kwa kore zote. Kutoka 4.4 kwenda 4.7 haifiki asilimia 7. Kwenye kurenda kwa saa mbili, ikiwa kila kitu kimeenda vizuri, umeokoa kama dakika 8. Na joto? Umeme unaoliwa unapanda na kloki mara volteji mara volteji tena, kwa hiyo ukitoka 4.4 kwa 1.20 ukaenda 4.7 kwa 1.30 prosesa inakula kama robo zaidi. Robo zaidi ya joto na ya umeme wa Yaka unaolipia kwa dakika 8, halafu ikiganda mara moja tu kwenye dakika ya 110 umepoteza karibu saa mbili zote. Kwa kijana wa gemu hilo ni sawa, yeye gemu ikiganda anaanza upya, lakini wewe una watu wanangoja. Mimi kwa mashini ya kazi ningekaa 4.4 kwa kore zote, volteji uanze 1.20, ukiona haijatulia upande 0.01 kwa wakati, na ukifika 1.25 bado inasumbua shuka 4.3 uendelee na maisha.

Kupima tumia kurenda kwako kwenyewe, si gemu. Programu za vidio zinatumia zile amri nzito za AVX ambazo gemu nyingi hazizigusi vile, ndiyo maana rafiki yako atakuapia kwamba kwake ilikuwa imetulia. Mtu akikuambia weka Prime95, ile programu ya kuitesa prosesa kwa mzigo mzito, kuwa mwangalifu, matoleo mapya yana AVX na kwenye Haswell iliyowekwa volteji ya Adaptive prosesa inajipandishia volteji yenyewe juu ya ile uliyoandika, joto linaruka. Weka Manual wakati wa kupima, au tumia toleo la 26.6 ambalo halina AVX.

Ile spidi unayoitafuta iko kwenye grafiki kadi uliyonayo. GTX 1050 Ti ina sehemu yake maalumu ya kutengeneza vidio inayoitwa NVENC, na kama programu yako si ya zamani sana, kwenye setingi za kuekspoti utakuta pa kuchagua Hardware Encoding badala ya Software. Jaribu na kipande cha dakika tano uone mwenyewe, huwezi kufananisha na dakika 8 za ovakloki. Ubora unashuka kidogo kwa bitreti (kiasi cha data kwa sekunde) ile ile, kwa hiyo pandisha bitreti, faili itakuwa kubwa kidogo na mteja hataona tofauti kwenye tivii yake. Kama unapiga 4K tengeneza na proksi, yaani nakala nyepesi za kueditia, mashini itapumua.

Zile pesa ulizokuwa unawaza kununulia prosesa ziweke kwenye pawa saplai mpya ya kampuni inayojulikana, ya wati 450 mpaka 550, mashini yako haihitaji zaidi ya hapo, na ukaguse uzito wake dukani, ile nyepesi kama boksi tupu iache hapo hapo hata kama stika inasema 700. Hata kipimo kikikuambia tatizo lilikuwa RAM bado ningeibadilisha hiyo ya zamani, kwa mashini inayolala na harusi za watu ndani yake.

Ukimaliza memtest niandikie, uniambie ilitoa makosa mangapi na kwenye vipande vipi, na upige picha stika ya pawa saplai uliyonayo sasa.